Kujua Kazi Si Kujua Kufundisha

Wasee, kuna swali mnaniuliza kila wiki: "Kwani uliacha kampasi kwa nini?" Nimelijibu kwa utani mara nyingi. Leo nataka kulijibu vizuri, lakini nitazunguka kidogo, kwa sababu majuzi mimi mwenyewe nilimfanya mtu aache kusoma. Na darasa lilikuwa langu.

Ilianza hivi. Kikundi cha vijana hapa Kayole kiliniomba niwafundishe kupiga na kuhariri video kwa simu. Watu 14, ukumbi wa kanisa, Jumamosi nne, bila malipo. Nikasema hii ni kazi ndogo. Kama kuna kitu najua hapa duniani, ni kuhariri video. Hiyo ndiyo inanilipia nyumba.

Jumamosi ya kwanza nilikuja na projekta ya kuazima. Nikaongea saa mbili mfululizo. Kukata, kupanga sauti, rangi, maandishi, kila kitu. Baada ya kila dakika chache nauliza, "Mmeelewa?" Wote wananijibu, "Ndiyo!" Mimi huyo, nimejaa raha. Mwisho nikawaambia kila mtu anionyeshe video ya sekunde 15. Wawili tu ndio walikuwa na kitu, na hao walikuwa wanajua kabla hata sijaanza kuongea.

Kulikuwa na dada mmoja nyuma, msusi, alikuja ili aweze kutangaza kazi yake. Nikamwendea nikamuuliza kwa sauti, "Sasa hapa umekwama aje, na si nimeonyesha sasa hivi?" Watu wakacheka. Nikachukua simu yake, nikamfanyia yote kwa nusu dakika, nikamrudishia. Nikajiona mwalimu mwenye roho safi.

Jumamosi ya pili hakuja. Nikamtumia ujumbe. Akanijibu: "Ni sawa tu. Kichwa yangu si ya hizo vitu."

Manze, hiyo sentensi naijua. Ndiyo niliyomwambia mathe siku niliporudi nyumbani na mabegi yangu kutoka kampasi, mwaka wa pili. Sitadanganya, kulikuwa na shida ya karo, na kulikuwa na uvivu wangu pia. Lakini miaka miwili nilikaa kwenye ukumbi wa mamia ya watu, mhadhiri anasoma slaidi, na hakuna siku hata moja mtu aliniona nikifanya kitu mpaka siku ya mtihani. Nikafeli, nikaenda nyumbani nikiamini kichwa changu kina kasoro.

Aliyenitoa hapo ni mkufunzi mmoja katika chuo cha ufundi nilikoenda kusomea kufunga nyaya za stima. Kila mtu alimwita Madam, na mimi nitamwita hivyo hivyo.

Siku ya kwanza karakanani, Madam alichukua swichi mbili za ngazi, zile unawasha taa ukiwa chini na kuizima ukiwa juu. Akaziunganisha bila kusema neno, kwa mwendo wa kawaida wa fundi. Taa ikawaka. Akakata stima, akafungua zote, akaanza upya, sasa anaeleza kila hatua na sababu yake. Akafungua tena. Mara ya tatu akasema, "Sasa nyinyi niambieni nifanye nini." Yeye ndiye ameshika bisibisi, sisi ndio tunatoa amri. Mmoja wetu akamwambia aweke waya wa moto pahali si pake. Akauweka hapo hapo! Kisha akauliza, "Nikiacha hivi, mtu aliye juu akizima, wa chini ataweza kuwasha?" Akanyamaza. Tukatazamana. Tukapiga hesabu kwa vidole mpaka tukaona wenyewe kwamba hataweza. Mara ya nne ikawa zamu yetu.

Nilidhani hizo ni tabia zake tu. Sasa, baada ya ule ujumbe wa msusi, nilirudi kwake jioni moja na kumweleza yote. Akanicheka kwanza. Halafu akaniambia hiyo njia ya hatua nne ina mwenyewe: Rodney Peyton, daktari wa upasuaji wa Uingereza, aliyeiandika mwaka 1998 akiwaza jinsi ya kufundisha madaktari. Mwalimu anafanya kimya. Anafanya akieleza. Mwanafunzi anaeleza, mwalimu anafanya. Mwanafunzi anafanya. Kama inafaa kwa mtu anayeshona tumbo la binadamu, itafaa kwa swichi, na itafaa kwa video yako.

"Wewe ulifanya hatua ya pili peke yake," akaniambia, "halafu ukataka watu waruke mpaka ya nne."

Kisha akaniuliza, "Uliuliza 'mmeelewa' mara ngapi?"

"Kama mara kumi hivi, Madam."

"Na ni nani aliwahi kukujibu hapana?"

Sikuwa na jibu. Akanieleza kwamba hilo si swali, ni kuomba makofi. Uliza kitu ambacho mikono ndiyo itajibu: nionyeshe ungekata wapi. Au: nikitoa kipande hiki, sauti itabaki wapi? Halafu, na hapa ndipo pagumu, ngoja. Mtafiti wa Marekani anayeitwa Mary Budd Rowe alipima jambo hili miaka ya 1970. Akakuta walimu wakishauliza swali wanasubiri kama sekunde moja hivi kabla ya kurukia. Wakisubiri sekunde tatu au zaidi, majibu yanakuwa marefu, na wale wa kimya wanaanza kuongea. Jaribu kuhesabu moja, mbili, tatu ukiwa mbele ya watu wanaokutazama. Inauma! Kwa kamera tunafundishwa kwamba kimya ni kifo, mtazamaji atakuhama. Darasani kimya ndipo mtu anapata nafasi ya kufikiri.

Kitu kingine. Karakanani Madam hutembea mikono ameiweka nyuma. Nilikuwa nafikiri ni maringo. Kumbe alijizoesha makusudi, ili asimnyang'anye mwanafunzi kifaa. "Ukishamfanyia, umemwambia hawezi, hata kama mdomo wako unasema pole pole utajua." Ila alinionya: kama kuna hatari ya stima au mashine, hakuna cha mikono nyuma, unakata hapo hapo. Mkufunzi mzuri anajua tofauti ya kosa linalofundisha na kosa linaloua.

Na kosa linasemwa kwa kazi, si kwa mtu. "Hii waya imekaa wapi?" si sawa na "Wewe umekwama aje?" Katika mfumo huu wa sasa wa vyuo vya ufundi, ule wa kupima umahiri, ukipimwa hupewi alama ya kuanguka. Unaambiwa umemudu, au bado. Bado tu. Maana yake utarudi upimwe tena. Neno dogo sana hilo, lakini ningelisikia kampasi labda hadithi yangu ingekuwa nyingine. Shida ni kwamba karatasi inaweza kuandika "bado" huku sura ya mkufunzi inasema "huwezi", na mwanafunzi atasoma sura.

Ndiyo maana mimi huchoka tukiambiwa kila siku vijana nendeni TVET, halafu stori yote ni majengo na mashine. Poa, mashine tunazitaka. Lakini karakana yenye mashine mpya na mkufunzi anayesomea watu noti wanakili ni ule ule ukumbi wangu wa kampasi, umeongezewa harufu ya grisi. Sheria ya TVET ya mwaka 2013 inataka mkufunzi awe amesajiliwa na mamlaka, na pale Gigiri kuna Kenya School of TVET inayofundisha wakufunzi kufundisha. Hiyo ni hatua. Lakini kuwezesha watu kujifunza ni ufundi kama ufundi mwingine wowote. Fundi wa stima hasomi mara moja akamaliza, kwani mkufunzi ndiye atamaliza?

Madam mwenyewe ana miaka mingi kazini, na bado huwa anamwomba mwenzake akae nyuma ya darasa na saa. Kazi ya huyo mwenzake ni moja: kuandika dakika ambazo mdomo wa Madam unafanya kazi na dakika ambazo mikono ya wanafunzi inafanya kazi. Mara ya kwanza, kati ya dakika 60, mdomo ulikula 41. "Nililala vibaya siku hiyo," akasema.

Akaniuliza, "Wewe unajirekodi kila siku. Umewahi kujirekodi ukifundisha?"

Wueh. Sikuwahi.

Kabla ya Jumamosi ya tatu nilienda saluni kwa yule dada. Si kwa ujumbe, kwa miguu. Nikamwomba msamaha. Akasema yamepita, lakini akaongeza, "Wewe ulifanya, mimi nilishika tu simu." Alikuwa na msichana anayemfundisha kazi, ameketi mbele ya kile kichwa cha mazoezi. Nikakaa nikamtazama anavyomfundisha. Alisuka mstari mmoja bila kuongea. Akasuka wa pili akieleza vidole viende wapi. Kisha akarudi nyuma, akaacha yule msichana aharibu. Hakumnyang'anya. Alimwambia tu, "Hapo mwisho, unaona nini?" Akangoja.

Hakuna mtu aliyemfundisha hayo. Na mimi nilikuwa nimemweka nyuma ya ukumbi nikamwonyesha kwamba hajui kitu. Kama ningemuuliza siku ya kwanza tu, "Wewe unafanya kazi gani, na watu huiona vipi?" ningejua anaelewa mwanga na nywele kuliko mimi. Ningeanzia hapo.

Alirudi Jumamosi ya tatu. Nilikuwa nimeweka simu kwenye stendi nyuma ya ukumbi, inanirekodi. Niliongea dakika 20 tu, nikawapanga wawili wawili, anayejua na asiyejua, sheria ikiwa moja: anayejua haruhusiwi kugusa simu ya mwenzake. Mimi mikono nyuma, najiuma ulimi. Kufika jioni yule dada alikuwa na video ya sekunde tisa. Rangi ilikuwa imezidi kidogo. Nikamuuliza anaona nini. Akaangalia muda mrefu, akasema, "Rangi. Bado." Akairudia mwenyewe.

Ukidhani huu ni mwisho mtamu, ngoja. Tulianza 14, tukamaliza tisa. Kati ya wale waliopotea, wawili sikuwa nimechukua hata namba zao. Siwezi kwenda kwao kwa miguu. Pengine saa hii kuna mtu anawaambia wajaribu tena, nao wanajibu kwamba kichwa yao si ya hizo vitu, na ni mimi niliyewapa hayo maneno.

Kwa hivyo kama wewe ni mkufunzi, au fundi aliye na mwanafunzi, au unafundisha mdogo wako kupika chapati, weka simu nyuma ya chumba siku moja. Halafu itazame ukiwa peke yako, uhesabu ni dakika ngapi ulinyamaza.

Na kama uliacha shule kama mimi: kabla hujasema kichwa chako ni kibovu, jiulize kama kuna mtu aliwahi kukaa karibu nawe, mikono nyuma, akangoja.