Kuipima Nafsi kwa Alama Kumi

Neno lenyewe ndilo lililonipa kipimo. Mwaka 1956 daktari wa magonjwa ya akili, Humphry Osmond, akiandikiana barua na mwandishi Aldous Huxley, aliunganisha maneno mawili ya Kigiriki, moja lenye maana ya nafsi na la pili lenye maana ya kudhihirisha, akapata jina la dawa za jamii ya LSD. Haikupita miaka mingi jina hilo likahamia kwenye muziki, nasi leo tunasema roki ya saikedeliki. Kwa asili yake, basi, ni muziki wa kuidhihirisha nafsi.

Nalisisitiza hili kwa sababu wengi wanaozipa alama santuri za muziki huu hupima moshi wakauacha moto. Husifu gitaa lililorekodiwa kinyumenyume, mwangwi uliozidishwa, jalada lenye rangi zinazoogelea. Hayo ni mapambo, na shairi halisifiwi kwa wino wake. Swali langu huwa moja: nafsi ya nani imedhihirika hapa, nayo imepata umbo la kuibeba? Umbo nalitaja kwa makusudi, kwani nilikuwa mtu wa vina na mizani kabla sijawa mtu wa gitaa.

Kila santuri huisikiliza mara tatu kabla ya kuandika tarakimu daftarini: usiku, asubuhi, na mara ya tatu mikono yangu ikiwa na kazi. Inayopendeza usiku tu hupoteza alama mbili. Kwa utaratibu huo, *Their Satanic Majesties Request* ya Rolling Stones (1967) ina tano, na ingekuwa na nne pasipo ile piano ya "She's a Rainbow". Santuri ya kwanza ya 13th Floor Elevators wa Texas (1966) ina saba: sauti zimekwaruzika, lakini yule Tommy Hall anayepuliza mtungi uliowekewa kipaza sauti hanichoshi. *Sgt. Pepper* ya Beatles ina nane. Najua wapo watakaokasirika. "A Day in the Life" peke yake ningeipa kumi bila kufikiri mara mbili, ila nyimbo kadhaa zinazoitangulia ni mavazi ya sherehe, na ndani ya mavazi simwoni mtu.

Penye uzito ni *The Piper at the Gates of Dawn* ya Pink Floyd. Ilirekodiwa mapema mwaka 1967 katika studio za EMI, mtaa wa Abbey Road, London, Beatles wakiwa katika jengo lilo hilo wakiitengeneza *Sgt. Pepper*. Kati ya nyimbo zake 11, nane ni tungo za Syd Barrett peke yake. Wasikilizaji wengi huianzia mwishoni: wanajua kwamba akili ya Barrett ilivurugika, kwamba alitoka katika bendi mwaka 1968, kwamba aliishi miaka mingi mbali na jukwaa hadi alipofariki 2006. Basi kila noti huisikia kama dalili, na kila dalili huiongezea santuri alama.

Alama hizo mimi sizitoi. Nimemuuguza kaka yangu aliyepatwa na maradhi ya akili. Alikuwa akitunga mashairi kabla ya kuugua, na ametunga baada ya kupona. Katika miezi ile ya ugonjwa hakuandika hata mshororo mmoja. Hakukuwa na fumbo lolote la kusifiwa pale, palikuwa na mtu asiyelala. Ndiyo maana anayeniambia kwamba wazimu ndio uliomwimbisha Barrett hunipa uchungu.

Isikilizeni kazi yenyewe. Jina la santuri limetolewa katika sura ya kitabu cha watoto cha Kenneth Grahame. "Chapter 24" imejengwa juu ya I Ching, kitabu cha kale cha Wachina. "Matilda Mother" ni mtoto anayemsihi mama aendelee kumsomea hadithi. Katika "Bike" mishororo hurefuka na kufupika kama mtoto anayeeleza jambo huku akihema, halafu kina kinadaka mahali panapostahili. Hiyo ni kazi ya kijana wa miaka 21 aliyekuwa akisoma, akichagua na kufuta. Naipa tisa. Ila tisa hiyo ni ya toleo la Uingereza. Toleo la Marekani liliiondoa "Bike" pamoja na "Astronomy Domine" na "Flaming", likaiweka "See Emily Play" mbele. Sisi tuliozoea tenzi za kale zenye miswada inayohitilafiana tunajua kuuliza kwanza: unahukumu nakala ipi?

Na sasa *Forever Changes* ya kundi la Love, Los Angeles, Novemba 1967. Haina kelele nyingi za umeme. Ina magitaa makavu, fidla na tarumbeta. Arthur Lee alikuwa na miaka 22 na alisadiki kwamba kifo kinamkaribia, akaitunga kama wasia. Msomaji wa Utenzi wa Mwana Kupona anaifahamu hali hiyo: anayehisi siku zimebaki chache hana nafasi ya neno la kujazia mizani.

Kuna wimbo humo ambao kila mtunzi wa pindu anapaswa kuusikia, wenye jina refu linaloanza na "Maybe the People". Katika pindu, neno linalofunga ubeti ndilo linaloufungua unaofuata. Lee anafanya jambo la ajabu zaidi: neno la kufunga halitamki. Ubeti unafika ukingoni, sauti inakatika, sikio lako linalijaza pengo. Kisha neno lile lile ulilolitarajia linaibuka kuanzisha ubeti mpya. Sina hakika kama aliwahi kusikia kwamba pwani yetu ina bahari ya jamaa hiyo, na hilo halinisumbui.

Lee hakufa wakati ule. Mwaka 2003 aliiimba santuri nzima jijini London akiwa na wapiga fidla na tarumbeta, na alifariki 2006, wiki chache tu baada ya Barrett. Daftarini mwangu ina tisa na nusu. Nusu iliyobaki imeliwa na "Bummer in the Summer", wimbo wa kumi, uliokaa kana kwamba umepotea njia kutoka santuri ya watu wengine, tena mlangoni kabisa mwa "You Set the Scene".