Mwenye Tatizo la Pumzi Asikalishwe Tu

Wengi mnanijua kwa magauni ya harusi, lakini leo mkasi nauweka pembeni. Tuzungumze kuhusu pumzi za mama zetu waliopikia kuni maisha yao yote.

Mama mkwe wangu yuko Nyakasimbi, Karagwe, kule Kagera. Sigara hajawahi kuishika. Amepika ndizi na maharage kwa mafiga matatu tangu usichana wake, katika jiko lisilo na dirisha. Alipopulizishwa kwenye mashine hospitalini, akaambiwa ana ugonjwa sugu wa njia za hewa. Hayuko peke yake. Utafiti wa Dakawa, Morogoro, uliochapishwa 2018, uliukuta ugonjwa huu kwa zaidi ya watu 17 katika kila 100 waliopimwa, na karibu wote walipikia kuni au mkaa.

Wanawe, kwa mapenzi, wakamkataza kila kazi. Maji asichote, shambani asiende. Miezi ikapita, akawa anahema kutoka kitandani hadi uani tu. Harusi ya wifi yangu ikawa inakaribia, naye akasema ataagana na binti yake chumbani, kwani kilima cha kwenda msikitini hakiwezi.

Mtaalamu wa mazoezi tiba akatueleza jambo ambalo kila nyumba ingelijua. Mapafu yaliyoharibika hayarudi upya, lakini miguu isiyotumika hudhoofika, na misuli dhaifu hudai hewa nyingi zaidi kwa kazi ileile. Kwa hiyo kukaa sana huzidisha kuhema. Jirani zetu wa Kampala wamelijaribu hili kwa watu waliobaki na mapafu mabovu baada ya kifua kikuu: mazoezi mara 2 kwa wiki, kwa wiki 6. Wakatembea mbali zaidi, na kuhema kukapungua.

Haya ndiyo aliyofundishwa mama:

Pumzi ya midomo. Vuta hewa kwa pua ukihesabu 2, kisha itoe taratibu kwa midomo iliyobanwa, kama unapoza chai, ukihesabu 4. Njia za hewa hubaki wazi, na hewa iliyonasa ndani hupata kutoka.

Toa pumzi penye uzito. Unapoinuka, unapopanda au unaponyanyua ndoo, ndipo utoe hewa. Usiibane.

Pumzika kabla hujaishiwa. Tembea kidogo, simama, endelea. Kuhema kiasi si hatari, mradi uweze kusema sentensi fupi. Kila wiki ongeza kidogo.

Inama mbele. Ukizidiwa, kaa uweke viwiko juu ya magoti, au egemea ukuta.

Dawa ya kuvuta. Kama daktari amekuandikia ya kufungua kifua, muulize kama uivute kabla ya mazoezi.

Maumivu ya kifua, kizunguzungu, midomo kuwa ya buluu au kukohoa damu, hapo acha mazoezi uende hospitali. Na kikohozi cha wiki 2 au zaidi kipimwe kifua kikuu kwanza.

Mama alianza na kuzunguka nyumba. Siku ya harusi alipanda kile kilima akisimama mara nne, gauni nililomshonea nikiwa nimeliacha huru kifuani. Alhamdulillahi, binti yake alimwona pale. Udi tuliufukiza nje, mbali naye, maana moshi wa udi nao ni moshi.

Nawe bi harusi mtarajiwa, unapopanga vyombo na mapazia, ulizia na jiko. Liwe na dirisha na bomba la moshi, au mpikie nje penye upepo. Haya si maringo, ni afya yako ya miaka ijayo. Na kama nyumbani kuna mama anayehema, usimwambie "kaa" kila saa. Mshike mkono, mtembee naye pole pole.

Mungu atujaalie afya njema. Amin.