Mnara wa Namba Usio na Kilele

Kila aliyepita shule ya msingi anajua kuwa 6 ni zao la namba tasa 2 na 3, wala haina njia nyingine. Juu ya jambo hilo dogo zimesimama hesabu zetu zote za vigawo. Lakini tukiingiza kipeuo cha pili cha hasi 5 miongoni mwa namba kamili, 6 hupata mlango wa pili: 1 kujumlisha kipeuo hicho, mara 1 kutoa kipeuo hicho. Na katika namba hizo nne hakuna inayovunjika zaidi.

Hayo tumefundishwa na binti wa jirani yetu, aliyemaliza kidato cha sita na anayetaka kusomea hisabati chuo kikuu. Baba yake alitujia kutaka shauri, kwani hakuona elimu hiyo ingemlisha vipi. Sisi tuliosomea fiqhi na lugha hatukuona uadilifu kuihukumu kabla ya kuisikiliza.

Dawa, alieleza binti, ni kuipanua himaya ya namba, ghorofa juu ya ghorofa, kwa kanuni inayobeba jina la Mjerumani David Hilbert. Kwa hasi 5 ghorofa moja yatosha: ukiongeza kipeuo cha pili cha hasi 1, upekee wa vigawo hurejea. Kwingineko ghorofa mpya huwa na kasoro yake yenyewe, ikabidi kujenga nyingine. Je, kila mnara hufika kileleni? Furtwängler aliuliza hivyo. Mwaka 1964 Golod na Shafarevich, wa Muungano wa Kisovieti, walithibitisha kuwa ipo minara isiyokoma. Mmoja huanzia kwenye kipeuo cha pili cha hasi 30030, na 30030 si namba ya ajabu: ni zao la namba tasa sita za mwanzo, 2 hadi 13. Hapo, upanue mara ngapi, maadamu zinahesabika, upekee haurejei.

Tukamwuliza kama basi wajenzi wameshindwa. “La, Ustadhi,” akajibu. “Zamani mtu angejenga maisha yake yote akitumaini. Sasa anajua mahali pa kuacha.”

Tungeweza kumtuliza mzazi kwa kumtajia Al-Khwarizmi, ambaye kitabu chake kilichotupa neno aljebra kina sehemu kubwa ya wasia na mirathi. Hatukufanya hivyo, mnara ule haugawi mirathi ya mtu. Tulimshauri ampe binti saa moja na karatasi, amweleze yeye mwenyewe habari ya 6.