Joto Lisiloitwa

Mwenzangu msomaji, umewahi kumwona mtu akifungua madirisha yote mwezi wa Januari, nje theluji tupu, na bado anatoka jasho? Mimi nimemwona. Ni mama mmoja wa Bukavu, anakaa ghorofa ya tatu katika nyumba ya mbao mjini Worcester, Massachusetts, huku Marekani. Mimi niliishia kidato cha nne. Mchana ni msaidizi wa fundi bomba, usiku naandika riwaya.

Nyumba ile ina boila moja chini kabisa, na kanda tatu, kila ghorofa na yake. Kila kanda ina pampu, na thamostati ukutani. Chumba kikipoa, thamostati inaita, pampu inasukuma maji ya moto kwenye mabomba yanayopita chini ya kuta. Joto likitosha, pampu inanyamaza.

Sasa, mwenye nyumba alikuwa ameshamwandikia mama barua: mafuta yanaisha kwa sababu yako, unachezea thamostati, ukiendelea utahama. Mama ana watoto wanne. Akaniambia, "Mwanangu, kile kidude nimekishusha mpaka mwisho. Joto linajileta lenyewe."

Fundi wangu ni mzee asiye na maneno mengi. Hakuuliza nani kafanya nini. Alipanda juu, akaona kweli thamostati imeshushwa. Akachomoa waya zake, maana waya zikigusana hapo kwenye thamostati, pampu huwaka kama imeitwa. Tukashuka chini. Pampu ya kanda ya tatu kimya, haitetemeki. Lakini bomba la kupanda juu lilikuwa moto, huwezi kulishika ukahesabu mpaka tano. Hapo hapo mkono wa mama ukatoka kwenye kesi.

Nani basi anasukuma? Hakuna. Lita moja ya maji ya nyuzi 20 za Selsiasi ina gramu 998 hivi. Ya nyuzi 80 ina gramu 972 hivi. Maji ya moto ni mepesi, hupanda yenyewe, na yaliyopoa hushuka. Ghorofa ya kwanza ikiita joto, boila inapata moto, na ya tatu inapewa bila kuomba. Ndiyo maana kila kanda huwekewa valvu yenye kizibo kizito: pampu ikisukuma kinanyanyuka, ikinyamaza kinaanguka na kuziba njia. Cha kanda ya tatu kilikuwa kimekwama juu. Tulizima boila, tukangoja ipoe, tukafunga maji, tukafungua valvu. Kutu tupu! Tukaweka mpya. Katika nyumba zenye pampu moja na valvu za umeme, hizo ndizo za kushukiwa; uchafu kidogo tu unatosha kuizuia valvu isifunge.

Mwenye nyumba alilipa ufundi, barua akaifuta, pole hakusema. Naamini barua ile iliandikwa haraka kwa vile mama ni mgeni na Kiingereza chake ni cha kuungaunga. Bomba lilikuwepo siku zote, kulishika ni kazi ya dakika moja.

Na sisi tunaojifunza kuandika tunapenda sana kumkamata mkosaji ukurasa wa kwanza. Shuka kwanza chini, ndugu yangu, ushike mabomba. Jina la mkosaji litangoja.