Yuko Bangkok, lakini moyo umebaki dukani Marekani

Aisifuye mvua imemnyea, walisema wahenga. Dada yangu mkubwa amelisifu duka moja la Marekani kwa miaka mingi, nami kwa miaka hiyo yote nikadhani ni majivuno tu ya mtu aliyekaa ng'ambo. Ilibidi nisafiri hadi Bangkok, mji mkuu wa Thailand, ndipo nikajua ni mvua gani iliyomnyea.

Nilimtembelea mwezi wa Machi mwaka jana. Yeye na shemeji waliishi karibu na Dallas, katika jimbo la Texas, kwa miaka tisa. Mwaka wa 2022 shemeji akapata kazi katika shirika moja la kimataifa lenye ofisi Bangkok, wakafunga virago wao na watoto wao wawili. Mimi nilifika na majani chai, unga wa ugali kilo sita na salamu tele za mama. Nilitarajia dada aulize habari za nyumbani. Aliuliza, si haba. Lakini kabla sijamaliza glasi ya maji aliyonikaribisha nayo, alikuwa ameshaanza.

"Mdogo wangu, hapa kila kitu kipo. Ila Costco hakuna."

Kwa msomaji asiyelijua, Costco si duka kama yale tuliyoyazoea. Ni ghala. Lilianzia Seattle mwaka wa 1983, na mwaka wa 1993 likaungana na Price Club, ambalo lilikuwa limefungua milango San Diego mwaka wa 1976 ndani ya jengo lililowahi kuwa banda la ndege. Kwa kawaida hununui mle mpaka uwe mwanachama. Nchini Marekani ada ya kawaida ilipanda mwaka wa 2024 kutoka dola 60 hadi dola 65 kwa mwaka. Karatasi za chooni hununuliwa kwa furushi la 30. Ukitoka, mfanyakazi hukagua risiti yako mlangoni. Na kabla ya kurudi nyumbani, watu hula soseji ndani ya mkate pamoja na soda kwa dola moja na nusu, bei ambayo haijapanda tangu miaka ya 1980.

Dada hakuwa peke yake katika kiu hiyo. Jumamosi moja alinipeleka kukutana na akina mama wenzake wa kigeni, ambao watoto wao husoma shule moja. Alikuwapo Mmarekani, Mkanada na mwanamke mmoja kutoka Korea Kusini. Nilidhani watazungumzia waume, karo na joto. Lo! Mazungumzo yalikuwa ya korosho za mitungi mikubwa, kuku wa kuchomwa na sabuni ya kufulia. Yule Mkanada alikuwa ametoka Taiwan kutembea, na kwa kuwa kadi ya uanachama hukubaliwa katika nchi yoyote yenye duka hilo, alirudi na sanduku zima la kahawa na vitamini. Wenzake walimsikiliza kama watu wanaosimuliwa habari za Makka na mtu aliyetoka kuhiji. Maduka hayo yako Japani, Korea Kusini, Taiwan na hata China, ambako la kwanza lilifunguliwa Shanghai mwaka wa 2019 na umati ukawa mkubwa hata likalazimika kufungwa mapema siku hiyo. Thailand halipo.

Mimi nilicheka kimoyomoyo, kwa sababu Bangkok si mji wa njaa. Kila hatua kumi kuna mtu anayekaanga, anayechemsha au anayemenya. Soko la Khlong Toei lingeweza kumeza Marikiti yetu na kubaki na nafasi. Tena maduka ya jumla yapo. Makro limekuwa Thailand tangu mwaka wa 1989, na wateja wake wakubwa ni wenye hoteli ndogo na wapishi wa kando ya barabara. Dada alinipeleka alfajiri moja, tukawakuta wakipakia kuku, mafuta na magunia ya mchele kwenye pikipiki zenye vitoroli vya ubavuni.

"Basi si hili hapa?" nikamuuliza. "Unalia nini?"

Akanieleza. Jibini iliyoagizwa kutoka nje ni ghali mno. Maandishi mengi ni ya Kithai, na siku moja alipika kwa sukari akidhani ni chumvi. Zaidi ya yote, fleti yake haina oveni, na friza yake ni ndogo kama sanduku la viatu. Wenyeji wengi wa mji ule hawana haja ya kujaza stoo, kwani chakula kilichopikwa kinauzwa chini ya ngazi, kimetiwa katika mfuko wa plastiki uliofungwa kwa mpira. Nilipoiona mifuko ile nilikumbuka kwetu kabla haijapigwa marufuku mwaka wa 2017.

Hata hivyo dada alikuwa amejaribu. Kabla sijafika alinunua unga wa ngano kilo ishirini na kuurundika chini ya kitanda cha wageni, yaani kitanda changu. Joto na unyevunyevu wa Bangkok havina huruma. Siku ya tano tulipoufungua ili tupike chapati, tulikuta fukusi wameshafanya makao. Tuliumwaga wote. Dada alilia.

Machozi kwa unga! Hapo uvumilivu ukanishinda, na nilisema neno ambalo ningependa kulirudisha.

"Dada, umekuwa Mzungu kweli. Umesahau tulikokulia? Sisi si ndio tulikula unga wa kadogo na mafuta ya kupima?"

Alizima jiko. Akaketi.

"Sijasahau," alisema. "Wewe ndiye usiyejua."

Ndipo akanisimulia. Tulikuwa tukiishi Kayole, baba amekwisha fariki, mama anauza nguo za mitumba. Dada alikuwa na miaka kumi na mmoja. Kila jioni alitumwa dukani na chupa ndogo ya soda, apimiwe mafuta ya siku hiyo. Mara nyingi hela hazikuwapo, na deni likaandikwa kwenye daftari. Jioni moja mwenye duka aliitwaa ile chupa, akaiinua juu ili watu waliopanga foleni waione, akasema, "Mwambieni mama yake huyu kuwa chupa yake imechoka kuja hapa tupu." Watu walicheka. Miongoni mwao walikuwapo wasichana wawili wa darasa lake.

Alirudi na chupa tupu. Hakumweleza mama aliyoambiwa. Alisema tu kuwa mafuta yamekwisha dukani.

Mimi nilikuwa na miaka minne, na usiku ule naukumbuka kwa namna nyingine kabisa. Nakumbuka tulikula sukuma wiki ya kuchemsha, na dada akatuambia kuwa matajiri hula hivyo kwa ajili ya afya. Niliamini. Nilijigamba kwa wenzangu. Hata nilipokuwa chuoni nikisomea uandishi wa habari, niliwahi kukisimulia kisa hicho kama mzaha wa utotoni.

"Siku ya kwanza nilipoingia ghala lile Texas," dada aliendelea, "niliona mafuta yamepangwa kutoka sakafuni hadi kimo cha dari. Nilinunua mtungi mzito nisioweza kuubeba kwa mkono mmoja. Nikauweka kwenye gari, nikafunga milango, nikalia. Nikasema, mtoto wangu hatatumwa dukani na chupa. Si soseji ninayoililia, mdogo wangu. Nilikuwa nikifungua stoo yangu kule usiku, watoto wamelala, natazama tu."

Sikuwa na la kusema. Nilichukua ufagio nikafagia unga uliobaki.

Siku chache baadaye tulishuka kununua chakula cha jioni kwa mama mmoja mzee anayeuza wali na kuku chini ya jengo lao. Dada humwita "Pa", yaani shangazi, kwa kuwa Wathai nao, kama sisi, humwita hata asiye ndugu kwa jina la ukoo. Pa alikwisha kufunga mifuko minne ndipo dada akagundua ameacha pochi juu. Nilimwona akibadilika uso. Akaanza kurudisha chakula, akiomba radhi kwa Kithai cha kuungaunga. Yule mzee alimsukumia mifuko mkononi, akapunga mkono kama afukuzaye nzi, akatia na tango la ziada. Akasema neno moja, nami nikamwomba dada anitafsirie.

"Kesho," dada alisema. "Amesema kesho."

Hakuna aliyecheka. Aliyekuwa nyuma yetu kwenye foleni alisogea tu aagize chake. Tulipanda ngazi kimya, na dada akanipa mimi mifuko niibebe, kwa kuwa alihitaji mkono wa kufutia macho.

Simdanganyi msomaji kuwa dada alipona siku ile. Kadi yake ya Costco, yenye picha yake ya ujana, bado iko kwenye pochi, na mtungi wa korosho wa Texas sasa anatilia sukari. Juzi alimwagiza rafiki anayetoka Marekani amletee vitu, orodha ndefu kama ya harusi. Lakini unga hununua kilo mbili mbili, na kwa Pa huenda bila kuhesabu hela mlangoni. Nimeacha kumcheka. Wengi wetu tuna jamaa walio ng'ambo ambao simu zao huishia kwenye vitu: duka fulani, sabuni fulani, mkate fulani. Hukimbilia kusema wamebadilika. Pengine tungewauliza kwanza kitu hicho kilijaza pengo gani.

Niliporudi Nairobi nilikwenda kwa mama. Sikuwa na nia ya kumweleza, lakini kisa kilinitoka chote, foleni, chupa na kicheko. Mama hakusema kitu. Aliinuka, akafungua kabati la jikoni. Ndani mlikuwa na mitungi sita ya mafuta ya kupikia, ya lita tano tano, minne kati yake haijafunguliwa.

"Kila mwezi hunitumia M-Pesa mara mbili," alisema. "Moja ya matumizi na moja ya mafuta. Nimemwambia mara ngapi kuwa ninayo, na bado anatuma."

Akalifunga kabati polepole.

"Kumbe hayakuwa yamekwisha dukani," mama alisema.