Mto Ukijaa Kainuk

Zamani basi la kutoka Kitale likifika Kainuk lilisimama, na abiria walijua sababu bila kuambiwa. Tulingoja magari mengine yafike, askari wapande, msafara uondoke pamoja kuelekea Lodwar. Hapo ndipo nilipozaliwa, mpakani mwa Turkana na Pokot Magharibi, karibu na bwawa la Turkwel lenye uwezo wa kuzalisha megawati 106 za umeme. Nyaya zake zilielekea kusini, hadi Lessos. Kwetu tuliwasha koroboi.

Kompyuta niliikuta Kakuma mwaka 2006. Mwalimu wetu, mkimbizi kutoka Kongo, alikuwa na diski ya Ubuntu aliyotumiwa kwa posta bila malipo, kama watengenezaji wake walivyokuwa wakifanya siku hizo. Mashine zetu zilikuwa za msaada, kuukuu, zikielemewa na picha kidogo tu, kwa hiyo alitufundisha kwenye dirisha jeusi: unaandika amri, unabonyeza, unasoma jibu. "Dada, kipanya kikifa, vidole si vipo?" aliniambia. Nilinunua daftari nikaanza kunakili: ls ya kuorodhesha, cat ya kusoma, grep ya kutafuta neno ndani ya mafaili. Alitueleza kwamba grep iliandikwa na Ken Thompson katika maabara ya Bell, Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1970, na kwamba jina lake limetokana na amri ya ed, programu ya zamani ya kuhariri: g/re/p, yaani tafuta kila mahali penye mpangilio huu, uuchapishe. Nilipenda kujua kwamba chombo kilichonizidi umri bado kinafanya kazi.

Taabu ilianza nilipoajiriwa. Shirika letu lilipima mikono ya watoto kwa utepe ili kubaini utapiamlo, kuanzia Kainuk hadi Lokichar, nami nilikuwa nikiunganisha takwimu kwenye seva iliyokuwa Nairobi. Njia ya kuifikia ilikuwa ssh, iliyobuniwa na Tatu Ylönen wa Ufini mwaka 1995. Ni salama, na naitumia hata leo. Ila inataka laini isiyokatika, na laini yangu ilikuwa modemu ya simu nyuma ya duka, mahali pekee mtandao uliposhika. Herufi niliyobonyeza ilichukua sekunde kadhaa kuonekana. Halafu dirisha liliganda. Kazi ya dakika 40 ikikatika dakika ya 35 ilikufa pamoja na laini, nikaanza upya.

Mto Malmalte pale Kainuk ulipojaa, abiria walikaa ukingoni, wakanywa chai, maji yakipungua wakavuka. Hakuna aliyerudishwa Kitale. Mimi nilirudishwa Kitale kila siku.

Mwenzangu wa Nairobi alinionea huruma. "Dadangu, acha kuteseka. Weka mosh." Programu hiyo ilikuwa changa, Keith Winstein na Hari Balakrishnan wa MIT waliieleza kwa wataalamu wenzao mwaka 2012. Huingia kwa ssh kwanza, kisha huacha programu ndogo kule kwenye seva, nayo hubaki hai hata wewe ukipotea. Haisukumi kila herufi kwa foleni. Hutuma skrini jinsi ilivyo wakati huo. Unachoandika hukiona papo hapo, kikiwa kimepigiwa mstari chini mpaka seva ikubali.

Siku ya kwanza nilianzisha kazi Kainuk, nikafunika laptopu, nikapanda lori hadi Lodwar. Ofisini niliifungua kwenye mtandao mwingine kabisa. Dirisha lilikaa kimya kidogo, halafu likaamka palepale, kazi imekwisha. Machozi yalinitoka. Aliyeiandika mosh aliwafikiria watu ambao njia yao hukatika, na mpaka siku ile sikujua kwamba kuna anayetufikiria.

Vyombo vingine vilikuja kwa mfululizo, vingi vikiwa vimeandikwa kwa lugha ya Rust: bat badala ya cat, eza badala ya ls, vyote vikiwa na rangi za kupumzisha macho. Navipenda, lakini havikubadilisha maisha yangu. Kilichonipa somo ni ripgrep ya Andrew Gallant, ya kutumia badala ya grep, iliyotoka 2016. Ina kasi ya ajabu kwa sababu hugawa kazi kwa viini kadhaa vya kompyuta, tena huruka mafaili inayodhani huyahitaji.

Asubuhi moja mama alileta mtoto zahanati. Nilitafuta jina kwa ripgrep, sikupata kitu, nikamwambia mtoto hajawahi kuandikishwa. "Alipimwa hapahapa wakati wa mvua," alisisitiza kwa Kiturkana, bila kupandisha sauti. Nikaandika grep. Ikasoma polepole, faili baada ya faili, ikamtoa: tarehe, kijiji, kipimo cha mkono. Folda ya majina ya watoto nilikuwa nimeiweka mwenyewe kwenye orodha ya mambo ya kupuuzwa, ili isije ikapakiwa mtandaoni kwa bahati mbaya, na ripgrep ilikuwa imeitii orodha hiyo. Nilimwomba mama radhi. Kipimo cha siku ile kilikuwa kimeshuka kuliko cha mvua, na bila kile cha kwanza tusingejua kwamba mtoto anadhoofika.

Daftari la Kakuma ninalo bado. Jioni ile nilifungua ukurasa wa grep, na chini ya mwandiko wangu wa 2006 nikaongeza amri ya ripgrep: rg -u, soma na vilivyofichwa na orodha.