Chozi na Jamaa Zake

Leo twataka kuwaandikia habari za ndege mdogo ambaye kila mtoto wa Mbinga amjua, na pamoja na habari zake kosa letu wenyewe, kwa kuwa mambo hayo mawili hayatengeki.

Mwaka 2015 tulikuwa tumeanza tu kazi ya ualimu katika shule moja ya pwani ya Ziwa Nyasa. Katika kitabu cha kusomea palikuwa na picha ya ndege wa bara la Amerika aitwaye kolibri, mwenye mdomo mrefu mwembamba na manyoya yang'aayo kama chuma kipya, anyonyaye asali ya maua. Tukawaambia watoto wa darasa la tano, "Huyu ndiye chozi wetu." Mtoto mmoja akasimama akasema, "Mwalimu, siye. Huyu wa picha amesimama hewani, na chozi hukaa kwanza juu ya kitawi, ndipo anyonye." Tukamwambia aketi, asibishane na kitabu. Darasa likacheka. Tangu siku ile hata tulipohamishwa kwenda milimani, mtoto yule hakuinua mkono tena.

Walakini yeye ndiye aliyesema kweli.

Huku kwa Wamatengo, nyuma ya nyumba tukaayo pana migomba, na ua la mgomba likifunguka tu, chozi huja asubuhi: dume mweusi mwenye kifua chekundu kama damu, na jike wake wa rangi ya udongo. Tulimtazama siku nyingi. Huweza kupigapiga mabawa mbele ya ua kitambo kidogo, lakini hadumu. Mara hushika shina la ua kwa miguu. Kolibri sivyo. Mfupa wa juu wa mkono wake ni mfupi mno, na karibu bawa lote ni kiganja. Naye huligeuza begani hata limwinue lishukapo na lipandapo pia. Kwa hiyo aweza kusimama hewani, tena aweza kuruka kinyumenyume. Na viota vyao je? Chozi hufuma mfuko uning'iniao, wenye mlango ubavuni, kama wajuavyo watoto wetu (nao huubomoa, kwa aibu yao na yetu). Kolibri hujenga kikombe kidogo kilicho wazi juu.

Hata wakubwa wa elimu walipata taabu kuwapanga ndege hawa. Carl Linnaeus, yule Mswidi aliyevipanga viumbe kwa majina ya Kilatini, hakuwachanganya kama sisi. Kolibri aliwaita Trochilus katika kitabu chake cha mwaka 1758. Lakini chozi aliowapata aliwatia katika fungu la Certhia, pamoja na ndege mdogo wa Ulaya apandaye magome ya miti, kwa sababu midomo yao yote imepinda. Mdomo ulimdanganya Linnaeus, nasi ulitudanganya vilevile.

Siku hizi hutazamwa mifupa, na zaidi ya mifupa, chembe za urithi. Kwa njia hiyo imeonekana kwamba chozi yu katika kundi kubwa la shomoro na mbayuwayu. Jamaa yake ina aina 140 na zaidi, wakaao Afrika, Asia na hata Australia. Wala hesabu hiyo haijafungwa, maana mwaka 1983 ilitangazwa aina mpya kutoka milima ya Udzungwa, chozi mwenye rangi ya kutu mabawani. Kolibri ni aina 360 hivi, nao hukaa katika Amerika tu. Katika mwaka 2014 wataalamu waliwagawa katika koo tisa, wakakadiria kwamba babu yao wote waliopo aliishi yapata miaka milioni 22 iliyopita. Tena mwaka 2004 ilielezwa mifupa ya kolibri wa kale iliyochimbwa Ujerumani, yenye miaka zaidi ya milioni 30. Basi zamani walikuwako upande huu wa bahari.

Na ndugu yao wa karibu ni nani? Ni teleka! Tazama jioni, wale wadudu wa ziwani wapandapo angani kama moshi: yule mweusi mwenye mabawa kama mundu, apitaye mbio kati yao, ndiye teleka. Hatui juu ya waya hata siku moja, kwa kuwa miguu yake ni dhaifu. Wengi humwita mbayuwayu. Lakini mbayuwayu hutua juu ya waya, naye ni wa upande wa chozi. Kumbe siku ile ndugu wa kolibri walikuwa wakiruka juu ya paa la shule, nasi tulikuwa tukiwaonyesha watoto ndege mwingine.

Mwezi wa Agosti uliopita tulishuka Mbamba Bay. Kijana mmoja aliyekuwa akianika usipa akatuamkia, "Shikamoo, mwalimu." Alikuwa yeye. Tukaketi juu ya mtumbwi uliofunikwa, tukamweleza habari zote hizi, tukamwomba radhi. Akanyamaza kidogo, akigeuza samaki. Kisha akasema, "Ndege nalikuwa nimemsahau, mwalimu. Kicheko sikukisahau."

Hatukuwa na la kujibu. Naye akaendelea mwenyewe: "Hata huku ndivyo. Wanunuzi wasema usipa na dagaa wa Kigoma ni kitu kimoja. Mimi nimekula wote wawili, sikubali. Je, usipa ni wa jamaa gani?"

Tulimwambia atupe siku chache, tukatafute. Tumeona ya kuwa dagaa wa Kigoma ni wa jamaa ya saradini wa baharini. Lakini usipa wetu si wa jamaa hiyo kabisa, bali ndugu yake ni mbasa, yule samaki mkubwa apandaye mitoni kutaga mayai. Barua tumempa dereva wa basi la Mbamba Bay siku ya Jumatatu.